Je, Wajua? Gogo la Mukula Lina Kitambulisho Chake

Anayeishi Lubumbashi ameyaona malori yaliyobeba magogo mekundu yakielekea mpaka wa Kasumbalesa. Karatasi za dereva zina maelezo yake, na gogo lina yake. Maelezo ya gogo yameandikwa ndani ya chembe zake, na hakuna muhuri unaoweza kuyabadilisha. Leo tunauliza: mmea unaweza kusema nini mbele ya hakimu, na nani anaelewa lugha yake?

MTI UNAPOPANDA KIZIMBANI

Je, wajua kwamba mti ulioota kwa mbegu una vinasaba vyake peke yake, kama wewe ulivyo na vyako? Mbegu hupata nusu ya DNA kutoka kwa mti mama na nusu kutoka kwa mti uliotoa chavua. Ndiyo maana miti miwili ya aina moja, iliyosimama ubavu kwa ubavu, inaweza kutofautishwa maabara.

Je, wajua kwamba mtu alitangulia, mti ukafuata? Alec Jeffreys aligundua njia ya kumtambua mtu kwa DNA tarehe 10 Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Hata miaka 10 haikutimia kabla mti nao haujaitwa kutoa ushahidi.

Je, wajua kwamba mti huo wa kwanza ulikuwa mti wa jangwani? Mwezi Mei 1992, mwili wa mwanamke aliyeuawa ulikutwa nje ya mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Karibu na mwili palikuwa na kifaa cha kupokea ujumbe, na kifaa hicho kikawafikisha wapelelezi kwa mwanamume mwenye gari dogo la mizigo. Alikana kwamba aliwahi kufika mahali pale. Lakini nyuma ya gari lake yalikutwa maganda mawili ya mbegu za mti uitwao palo verde, na pale penye mwili ulisimama palo verde wenye jeraha bichi, kana kwamba umegongwa na gari.

Je, wajua kwamba kila mtu alijua miti hiyo imejaa Arizona yote? Maganda ya palo verde peke yake hayakuthibitisha lolote. Ilibidi ijulikane yameanguka kutoka mti upi. Tim Helentjaris wa Chuo Kikuu cha Arizona alilinganisha DNA ya maganda yale na DNA ya miti ya pale na ya kwingine. Kila mti ulionyesha alama tofauti, na maganda yalilingana na ule wenye jeraha. Mshtakiwa alitiwa hatiani mwaka 1993, na mahakama ya rufaa ikaukubali ushahidi huo mwaka 1995.

Je, wajua kwamba Helentjaris hakuwa mtaalamu wa jinai? Kazi yake ilikuwa vinasaba vya mahindi. Sisi tunaokula bukari kila siku tuna sababu ya kuliweka moyoni jambo hili: ujuzi uliotafutwa ili shamba lizae vizuri ndio uliokwenda kutafuta haki ya marehemu.

WEZI WA MITI NA SIFURI 36

Je, wajua kwamba mahakama za shirikisho za Marekani zilisubiri hadi Julai 2021 kusikia ushahidi wa DNA ya mti katika kesi ya jinai? Kesi ilihusu miti ya mepo iliyoibiwa katika msitu wa umma wa Olympic, jimbo la Washington, mwaka 2018. Mepo wenye mawimbi ndani ya mbao yake hutafutwa sana na mafundi wa magitaa. Wezi waliwauzia wenye kiwanda mbao hizo kwa madai kwamba zimekatwa kwenye shamba la mtu binafsi, kwa kibali halali.

Je, wajua kwamba visiki ndivyo vilivyoubomoa uongo huo? Mtaalamu wa vinasaba Rich Cronn, wa idara ya misitu ya Marekani, alionyesha kwamba mbao zilizouzwa zililingana na mabaki ya miti mitatu iliyoibiwa msituni. Nafasi ya kufanana huko kutokea kwa bahati tu ilikadiriwa kuwa moja katika namba yenye sifuri 36. Aliyeshtakiwa alifungwa miezi 20.

Je, wajua kwamba baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani mtu huyo kwa kosa la moto? Wezi walikuta kiota cha nyigu chini ya mti mmoja, na upande wa mashtaka ukadai kwamba walikichoma kwa petroli. Moto ulienea, ukala zaidi ya hekta 1,300 za msitu. Vinasaba vilithibitisha mbao ni za mti upi, lakini havikuweza kusema ni mkono wa nani uliowasha kiberiti. Mpelelezi mwaminifu huheshimu mpaka huo.

MUKULA WETU

Je, wajua kwamba jina la kisayansi la mukula, *Pterocarpus tinctorius*, linaeleza umbo na kazi ya mti? Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni tunda lenye bawa. Ukiokota tunda lake chini ya mti utaliona bawa hilo, jembamba na la mviringo, limeizunguka mbegu. Neno la pili ni Kilatini, na maana yake ni wa kutia rangi. Wazee wetu waliijua rangi yake kabla jina hilo halijaandikwa.

Je, wajua kwamba miti ya jamaa hii ikikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu? Mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, ni ndugu yake na hufanya vivyo hivyo. Mulombwa unaweza kuhitaji miaka 80 na zaidi kabla haujafikia unene wa mbao nzuri, lakini msumeno wa mashine huuangusha kwa dakika chache. Mti unaouona leo ukianguka huenda uliota kabla babu yako hajafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kutafuta kazi.

Je, wajua kwamba mukula hauishii Kasumbalesa? Mpaka uko takriban kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo yake iko Zambia, na baada ya Zambia ziko bandari za bahari mbili: Dar es Salaam, Beira na Durban kwa Bahari ya Hindi, na Walvis Bay kwa Atlantiki. Soko kubwa liko China, ambako mbao nyekundu hutengenezewa samani za kifahari.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori ya mukula, mengi yakiwa yametoka upande wa Kongo? Madereva walikaa na mizigo yao, serikali mbili zikajadiliana. Swali lililokuwa kwenye kila lori lilikuwa moja: mti huu umekatwa upande gani wa mpaka, na kwa ruhusa ya nani? Gogo lililokatwa Zambia linaweza kupewa karatasi za Kongo, na la Kongo likapewa za Zambia. Maswali ya namna hiyo ndiyo DNA ya mimea inayoweza kusaidia kuyajibu.

Je, wajua kwamba mukula sasa unalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES? Nchi wanachama zilikutana Geneva mwezi Agosti 2019 na kuuingiza mukula kwenye Kiambatisho cha Pili, na uamuzi ukaanza kutumika Novemba mwaka huo. Maana yake ni kwamba biashara ya nje inaruhusiwa kwa kibali tu, na kibali hutolewa pale inapothibitishwa kwamba ukataji hauhatarishi uhai wa mti huo porini.

Je, wajua kwamba miaka mitatu baadaye mlango mwingine ulifungwa? Mkutano uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliweka aina zote za *Pterocarpus* za Afrika chini ya ulinzi huohuo. Kabla ya hapo mfanyabiashara aliweza kudai kwamba mukula wake ni mti mwingine wa jamaa hiyo. Mti ukishapasuliwa mbao, bila jani wala tunda, afisa wa forodha angembishia kwa lipi?

Je, wajua kwamba hadubini peke yake mara nyingi haifiki mbali? Mtaalamu akikata kipande chembamba cha mbao na kutazama mishipa yake, kwa kawaida ataijua jamaa ya mti. Kujua aina yenyewe, au mahali mti ulipoota, kunahitaji kipimo kingine, kama DNA.

Je, wajua kwamba miti haitambui mpaka uliochorwa na wakoloni? Miombo ya Haut-Katanga na miombo ya kaskazini mwa Zambia ni msitu mmoja. Chavua na mbegu huvuka bila pasipoti, kwa hiyo vinasaba hubadilika polepole kadiri unavyosafiri. Ili DNA ya gogo iseme nimetoka huku au kule, lazima kwanza mtu awe amekusanya majani ya mukula kijiji kwa kijiji, pande zote mbili, na kuandika kila jani limechumwa wapi. Bila daftari hilo, maabara ina alama ya kidole lakini haina orodha ya wenye vidole.

KAZI YA MAABARA

Je, wajua kwamba sehemu bora ya gogo kwa kipimo cha DNA iko karibu na gome? Pale, katika mbao nyeupe ya nje, bado kuna chembe zilizokuwa hai siku mti ulipoangushwa. Kiini chekundu cha katikati, chenye thamani kubwa sokoni, kilikufa mti ukiwa bado umesimama, na DNA yake imekatikakatika. Gogo likichongwa likabaki kiini kitupu, kazi ya maabara inakuwa ngumu maradufu.

Je, wajua kwamba rangi inayoupa mti thamani inaweza kukwamisha kipimo? Kemikali za rangi na za uchungu zilizomo ndani ya mbao hushikana na DNA na kuzuia vimeng'enya vinavyoinakili. Wataalamu huisaga mbao iwe unga na kuiosha kwa dawa maalumu. Njia wanayoitegemea wengi ilielezwa na Doyle na Doyle mwaka 1987, na bado inatumika duniani kote.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 wanasayansi walikubaliana kuhusu vipande viwili vya DNA vya kutambulishia mimea? Vinaitwa *matK* na *rbcL*, na vyote vimo ndani ya kloroplasti, vile viungo vya kijani ambavyo jani hutengenezea chakula chake. Kwa wanyama hutumika kipande kingine, ambacho kwa mimea hubadilika polepole mno hata hakisaidii kutofautisha aina.

Je, wajua kwamba DNA ndefu kuliko zote zinazojulikana ni ya mmea? Ni ya jamaa ya kangaga anayeota New Caledonia, katika Bahari ya Pasifiki. Kipimo kilichotangazwa mwaka 2024 kilionyesha herufi bilioni 160 za vinasaba. Binadamu ana takriban bilioni 3.

Je, wajua kwamba mfuko wa plastiki unaweza kuua ushahidi? Jani bichi likifungiwa kwenye plastiki hutoa jasho, ukungu huingia, na DNA huoza. Mahali pake ni bahasha kavu ya karatasi, yenye tarehe, mahali na jina la aliyeokota. Lubumbashi, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi na zaidi, bahasha ya bei ndogo inaweza kuokoa kesi nzima.

PALE DNA INAPONYAMAZA

Je, wajua kwamba gunia la makala halina DNA ya kusomwa? Joto la tanuru hupita nyuzi 400, na vinasaba huteketea kabla mti haujawa mkaa. Hata hivyo mishipa ya mbao hubaki na umbo lake. Vunja kipande cha makala, kitazame kwa hadubini, na mtaalamu anaweza kukuambia kilikuwa mti wa jamaa gani. Kwa mji kama wetu, unaopika kwa makala na kuona miombo ikizidi kurudi nyuma kila mwaka, ujuzi huo una thamani kubwa.

Je, wajua kwamba jani la sombe, yaani la muhogo, lililokwama kwenye shati haliwezi kusema limetoka shamba la nani? Muhogo hupandwa kwa vijiti, na kijiti ni nakala ya mama yake. Jirani akikugawia vijiti, mashamba yenu mawili yana mmea uleule kwa DNA. Ndizi nazo ni hivyohivyo. Wakili anayelijua hili anaweza kumwokoa mtu asiye na hatia.

Je, wajua kwamba mti unabeba pia kumbukumbu ya maji na udongo wake? Uwiano wa aina za atomi za oksijeni, hidrojeni au strontiamu ndani ya mbao hufuata mvua na miamba ya mahali mti ulipokulia. Maabara zinazofuatilia asili ya mbao huunganisha kipimo hicho na DNA, ili shahidi mmoja akisita, mwingine aongee.

MASHAHIDI WADOGO

Je, wajua kwamba hata kuvumwani kumewahi kupelekwa maabara kwa ajili ya kesi ya mauaji? Nchini Finland, watafiti wa Helsinki, Korpelainen na Virtanen, walieleza mwaka 2003 jinsi walivyosoma DNA ya vipande vya mimea midogo ya jamii hiyo vilivyokutwa kwa watuhumiwa, na kuilinganisha na ya mimea iliyoota mahali pa tukio. Kuvumwani hujieneza kwa vipande, kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuchukua eneo kubwa, na hilo nalo walilizingatia.

Je, wajua kwamba chavua ilisaidia kufichua ukatili wa Srebrenica? Baada ya mauaji ya mwaka 1995 nchini Bosnia, wauaji walifukua makaburi ya halaiki na kuihamishia miili kwingine ili kuficha uovu wao. Mtaalamu Mwingereza Tony Brown alitumia chavua na udongo kuonyesha kaburi lipi la pili lilijazwa kutoka kaburi lipi la kwanza. Sisi Wakongo, tulio na makaburi yetu yanayosubiri ukweli, hatuwezi kulisoma jambo hili bila moyo kushtuka.

Je, wajua kwamba Katanga ina maua yanayopenda shaba? *Haumaniastrum katangense*, mmea wa jamaa ya mrehani, huota kwenye udongo wenye shaba nyingi, ambao ni sumu kwa mimea mingi. Wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata ua hilo, wakafika mahali wahenga walipoyeyushia shaba karne nyingi zilizopita. Vilima vya shaba vya Katanga vina aina takriban 30 za mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Fikiria mbegu ya mmea kama huo ikikutwa kwenye tope la kiatu. Huo ungekuwa ushahidi unaoelekeza kwenye vilima vichache tu. Na mgodi ukikifuta kilima, shahidi huyo hupotea pamoja nacho.

WENYE KUTUNZA DAFTARI

Je, wajua kwamba Nairobi kuna maabara ya vinasaba kwa ajili ya kesi za wanyamapori? Shirika la Wanyamapori la Kenya liliifungua mwaka 2015, na kazi yake inahusu nyama ya porini, pembe na nyara nyinginezo. Mimea nayo ina kesi zake: msandali wa Afrika Mashariki, *Osyris lanceolata*, uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES mwaka 2013, kwa sababu wavunaji huung'oa na mizizi yake yote ili kupata mafuta yake.

Je, wajua kwamba Kongo ina maabara yake ya kuchunguza mbao? Iko Yangambi, mkoa wa Tshopo, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, na ni ya kwanza ya namna yake katika Bonde la Kongo. Hapohapo Yangambi kuna hazina ya takriban sampuli 150,000 za mimea iliyokaushwa. Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, nayo ina makumi ya maelfu ya vipande vya mbao, vingi kutoka misitu yetu.

Je, wajua kwamba kazi ya kuijua miombo inafanyika karibu na mlango wetu? Mikembo, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wamepima na kutambua mti mmoja baada ya mwingine katika eneo la hekta 10. Kazi hiyo haina mbwembwe, lakini bila miti iliyotambuliwa kwa uhakika, hakuna DNA ya kulinganishia gogo lililokamatwa.

Je, wajua kwamba jani lililokaushwa vizuri hukaa na DNA yake zaidi ya miaka 100? Mwaka 2013 watafiti walisoma vinasaba vya kimelea cha ugonjwa ulioharibu viazi vya Ireland, kutoka majani yaliyokaushwa miaka ya 1840. Kwa hiyo mwanafunzi wa agronomia anayetoka leo kwenda kijijini, akamwomba mzee amwonyeshe mukula, akachuma tawi lenye tunda, akalibana ndani ya gazeti, akaandika jina la mahali, tarehe, na jina ambalo wenyeji wanauita mti huo, anaandaa shahidi. Huenda siku moja gogo litashushwa Kasumbalesa, muhuri useme hivi na mbao iseme vile, na hakimu auulize mti wenyewe. Jibu litatoka kwenye jani lile.